Kiti cha Nyaramba

Orodha ya Gavana ya mawaziri wa kaunti ilitoka Alhamisi saa tisa, Ombui akiwa kwenye foleni ya kupima majani chai, na kabla gunia lake halijafika kwenye mizani alikuwa ameshaitwa bwana wa waziri mara saba. Majina yalikuwa kumi. La nane lilikuwa la mkewe: Eucabeth Nyanchera, Kilimo na Mifugo.

"Wewe, mpishe," karani wa kituo alimwambia mtu aliyekuwa mbele. "Mheshimiwa apime kwanza."

"Mheshimiwa ni mke wake," yule mtu akajibu bila kusogea hata hatua moja. "Huyu ni wa kubeba mkoba."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Ombui naye akacheka, tena akacheka kuwashinda wote, jinsi achekavyo mwanamume aliyechomwa mbele za watu. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi na mzee wa kanisa, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna mtu aliyeuliza nani mkubwa nyumbani kwake. Neno lile la mkoba lilimkaa mwilini njia nzima. Lakini tusimwonee: alifurahi pia. Alipita dukani akanunua mikate miwili na maziwa, maana alijua wageni watakuja.

Walikuja, tena kabla jua halijatua. Walikuwa wazee wanne, mbele yao Osoro, mtoto wa baba yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu waliomzidi umri walipoanza kusahau mambo. Ombui aliwapokea kwa mikono miwili akidhani wamekuja kumpongeza. Waliketi, wakaulizana habari za ng'ombe. Hapo ndipo alipoona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa anatabasamu.

Eucabeth aliingia na buti zake za mpira bado zina tope. Alikuwa afisa wa kilimo wa wadi, mwanamke wa miaka arobaini na sita anayeendesha pikipiki ya serikali mwenyewe, na siku hiyo orodha ilimkuta katikati ya shamba la mtu, akionyesha jinsi ya kung'oa mgomba ulionyauka. Aliwasalimu wazee kwa kuinama, akaingia jikoni, akarudi na chai.

"Karibu, wa Gesima," Osoro alimwambia. "Hata wewe keti. Hili jambo ni lako."

Hapa inafaa mtu aelewe. Huku mke haitwi sana kwa jina lake. Huitwa kwa kule alikotolewa, na huitwa hivyo kwa heshima kabisa, hata kwa mapenzi. Eucabeth alizaliwa Gesima, basi tangu alipofika Nyaramba akiwa bibi harusi alikuwa wa Gesima. Mama mkwe alimwita hivyo, na karani wa kanisa alimwandika hivyo. Katika chama cha akina mama, ambacho yeye mwenyewe alikianzisha, daftari lilisema Eucabeth wa Gesima ili asichanganywe na Eucabeth wawili wengine. Simu ya Ombui nayo ilisema Gesima kila alipompigia. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wowote.

"Hesabu ni hii," Osoro alianza, akikunja kidole kimoja kimoja. "Gavana ana viti kumi. Kila upande unajua fungu lake, si jambo la kuandikwa mahali. Gesima wamepewa Fedha, yule kijana wao. Sasa wamepewa na Kilimo. Ni viti viwili. Nyaramba tumepewa nini? Hewa!"

"Lakini Mama Lavender si ni wa hapa?" Ombui aliuliza, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Wa hapa? Wewe mwenyewe unamwita nani?"

Ombui akaifunika simu yake mezani.

"Shemeji, niko hapa nasikia," Eucabeth alisema.

"Ndiyo nataka usikie, mama. Hatuna ubaya na wewe. Wewe ni mke ambaye kila boma lingetaka. Lakini kiti ni cha ukoo. Kesho ukikalia hicho kiti, ajira za vijana zitaenda wapi? Zitapanda kwenu."

"Kwetu kule walinipigia saa kumi," Eucabeth alisema polepole. "Kaka yangu anasema wazee wa Gesima wamekutana. Wanasema mimi niliolewa, kwa hivyo hiki kiti ni chenu, wao wana kimoja tu. Wanataka kulalamika pia."

"Si unaona? Wanatuzungusha!" Mzee mmoja alijipiga paja. "Wamepata viwili na bado wanalia!"

Sheria ilikuwa wazi, na Osoro alikuwa amesomewa na mtoto wake: katika watu kumi wanawake wasipungue wanne, na katika orodha ile walikuwa wanne kamili. Mwanamke akitoka, mwanamke aingie. Wazee walikuja na jina tayari mfukoni. Lilikuwa la Celestine, dada mdogo wa Ombui, meneja wa benki mjini Kisii, anayekaa Nyanchwa na mumewe.

Eucabeth aliinua kichwa. "Celestine ameolewa Kisii. Hiyo ni kaunti nyingine."

"Alizaliwa katika boma hili. Kitovu chake kilizikwa hapo nyuma ya jiko," Osoro alisema. "Huyo hata akae Mombasa, ni wetu."

Akamgeukia Ombui. Malalamiko yangepelekwa kwa kiapo Ijumaa. Kamati ya bunge la kaunti ingewahoji wateule Jumanne. "Wewe hatukuombi useme kitu, ndugu yangu. Tunakuomba tu usituaibishe."

"Mama, sukari imekuwa kidogo," mzee wa pembeni alisema akiinua kikombe, na Eucabeth akaenda jikoni kuleta sukari huku nyuma yake wakiendelea kupanga siku ambayo kiti chake kingekuwa cha mtu mwingine.

Ijumaa jioni haikuwa na nafasi ya maneno mengi, kwa sababu Sabato ilikuwa inakaribia na kazi zote lazima ziishe jua likiwa bado liko juu. Eucabeth alikuwa anapiga pasi shati la Ombui la kanisani. Bathsheba, mama mkwe, alikaa mlangoni akichambua mboga za chinsaga, masikio yake yakiwa mazima kuliko miguu.

"Baba Lavender," Eucabeth alisema bila kuinua macho, "sitakwambia ugombane na ndugu zako. Mimi nataka sentensi moja tu. Jumanne wakikuuliza, sema mimi ni wa hapa."

"Nitasema."

"Usianze na 'unajua, wazee', usianze na 'tumeomba Mungu'. Sema hiyo moja."

"Si nimesema nitasema?"

"Huyo Osoro," Bathsheba alidakia kutoka mlangoni, "mama yake alitolewa wapi? Mimi nilimkuta hapa, bado analia, hajui hata njia ya mtoni. Na mimi mwenyewe nilitoka kule chini. Sisi wageni ndio tumezaa hawa wote wanaohesabu." Alitupa bua upande. "Lakini nani ataniuliza mimi?"

Hakuna aliyemuuliza, kweli. Siku ya Jumapili Celestine alipiga simu, na Ombui akatoka nje kupokea, akasimama kati ya migomba kana kwamba anafanya wizi.

"Kaka, nisikilize. Mimi sikukitafuta hiki kitu. Ni wazee walinijia hapa Nyanchwa, watu wanne na suti. Ningewafukuza?"

"Hapana."

"Wifi ni mtu wangu, unajua. Lakini kama wameshaamua kumtoa, si afadhali kibaki nyumbani kuliko kwenda nje?"

Ombui alikubali kwamba ni afadhali. Celestine ndiye aliyelipia operesheni ya mama yao mwaka jana, na Lavender, kifungua mimba wa Ombui, alikuwa anakaa kwake bure akisoma chuo. Celestine hakuyataja hayo hata moja, na wala hakuwa na haja. Kabla ya kukata simu aliuliza kama Jumanne kaka yake atasema chochote. Ombui akamwambia hajui, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa maana alikuwa ameshamwahidi mkewe.

Jumanne ukumbi ulijaa tangu saa mbili asubuhi. Nyaramba walikodi magari mawili na kuketi safu ya mbele, Celestine katikati yao na mkoba wake mapajani. Ombui alifika na mkewe, lakini Osoro alimwekea kiti, akakipiga piga kwa kiganja, na Ombui akaenda kukaa hapo. Eucabeth alipita peke yake hadi kwenye meza ya kuhojiwa.

Alijibu vizuri, hata waliokuja kumpinga walikiri hivyo baadaye. Waliuliza kuhusu mnyauko wa migomba, akawaeleza hadi ni kisu gani kinachoeneza ugonjwa na kichomwe moto namna gani. Kuhusu wakulima wadogo wa chai, alizungumza kama mtu aliyesimama kwenye foleni yao. Mwakilishi mmoja wa wadi aliacha kumhoji, akaanza kumuuliza habari za ng'ombe wake mwenyewe aliyekataa kushika mimba, na ukumbi ukacheka, na Eucabeth naye akacheka. Dakika hiyo Ombui alijivuna kweli. Alitaka kumwambia mtu, lakini pembeni yake alikuwa Osoro.

Kisha mwenyekiti akafungua bahasha ya malalamiko. Kulikuwa na nakala ya kitabu cha kanisa na nakala ya daftari la chama cha akina mama. Katika kila ukurasa mstari mmoja ulikuwa umepakwa rangi ya manjano: Eucabeth wa Gesima.

"Madam, hawa wanasema wewe si wa Nyaramba."

"Mheshimiwa mwenyekiti, nimeishi Nyaramba miaka ishirini na mbili. Nimezaa hapo watoto watatu. Ninapiga kura hapo, ninalima hapo. Hilo daftari la chama ni mimi nililinunua."

"Lakini limeandikwa Gesima."

"Ndivyo tunavyoitwa wake wote, mheshimiwa. Hata mkeo."

Kicheko tena. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu, akavua miwani. Ilikuwa wazi kwamba hataki ugomvi. Alitaka kitu kidogo tu cha kuandika kwenye ripoti, ahamie kwa mteule wa tisa. "Bwana wa mama yuko ndani?"

Ombui akasimama.

"Mzee, tusaidie tumalize. Mama huyu ni wa wapi?"

Sentensi ilikuwa tayari. Alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni na akairudia njiani moyoni: mke wangu ni wa Nyaramba. Maneno matano, hata mtoto wa darasa la kwanza angeyamaliza. Alifungua mdomo. Kulia kwake Osoro alikuwa anatazama sakafu; viti vichache kando Celestine alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Na kutoka nyuma, mtu fulani akanong'ona, si kwa sauti kubwa, "Mwacheni wa mkoba aseme," na wawili watatu wakakohoa kwa kucheka.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Ombui alisema, "mimi nilimwoa kutoka Gesima."

"Asante sana, mzee. Keti."

Akaketi. Hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye, kwa sababu mwongo angalau anaweza kutubu. Alijaribu kujiambia kwamba angeendelea, kwamba alikuwa na sehemu ya pili, kwamba mwenyekiti ndiye aliyemkata. Upuuzi mtupu! Alikuwa na nafasi na pumzi, akavimeza vyote viwili, sehemu moja kwa ajili ya dada yake, sehemu moja kwa kuogopa Osoro, na sehemu iliyobaki, ile kubwa, kwa sababu hakutaka kuwa mume wa waziri. Eucabeth hakugeuka kumtazama. Alikusanya karatasi zake, akazigonga gonga mezani zikae sawa, akamshukuru mwenyekiti.

Ombui alirudi nyumbani na gari la ukoo. Waliimba njia nzima. Eucabeth alibaki mjini, akafika saa kumi na mbili, akakamua ng'ombe, akapika, akamwekea mumewe chakula na maji ya kunawa. Ombui alingoja aanze kupiga kelele. Kama angepiga kelele, angepata la kujibu.

Jumatano alfajiri aliamka amepiga moyo konde. Hakwenda shuleni. Alipanda bodaboda hadi mjini, akasubiri wakili afungue ofisi, akaeleza shida yake mara mbili kwa sababu mara ya kwanza aliruka yale aliyoyasema ukumbini.

"Ripoti bado haijasomwa," wakili alisema. "Kiapo cha mume kina uzito. Tuandike." Akaandika kwamba Ombui ni mume wa Eucabeth kwa ndoa ya kanisa, kwamba wameishi Nyaramba tangu siku hiyo, kwamba wana watoto watatu na shamba la chai, kwamba yeye hana kwingine anakoita nyumbani. Kisha akaacha kuchapa. "Ongeza na mahali atakapozikwa. Kwa watu wetu hilo ndilo linamaliza ubishi."

"Andika Nyaramba," Ombui alisema. "Kando yangu." Alitia sahihi, mhuri ukapigwa, na akatoka pale akijiona mtu mzima tena.

Alipofika nyumbani saa sita, alikuta viatu vya wazee mlangoni. Wote wanne walikuwa ndani, viti vile vile, lakini Osoro alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti chake kama mtu aliyekuja kukopa. Mambo yalikuwa yameharibika asubuhi. Kutoka ofisi ya Gavana waliambiwa kwamba sheria inataka mtu aliyefanya kazi ya kilimo miaka mitano, na Celestine maisha yake yote amehesabu pesa za watu. Nyaramba hawana mwanamke mwingine wa kilimo mwenye shahada. Ikiwa huyu wao hawamtaki, kuna mama mwingine wa upande wa pili, wala si Gesima wala si Nyaramba, ambaye yuko tayari.

"Tumeandika barua ya kuondoa malalamiko," Osoro alikuwa anamwambia Eucabeth, ambaye alisimama kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. "Soma mwenyewe. Tumekuita binti yetu. Hapo, mstari wa pili. Binti yetu mpendwa!"

"Na mimi nimeleta hii," Ombui alisema akiingia, akihema, karatasi mkononi. "Nimeapa, Mama Lavender. Kwa wakili. Kila kitu kiko humo."

Eucabeth aliitazama barua ya wazee, akaiweka juu ya meza. "Nimejiondoa," alisema. "Jana, nikitoka pale ukumbini. Nilipeleka barua kwa mkono, wakanigongea mhuri wa kupokea."

Nje, Bathsheba alisikika akimfukuza kuku.

"Umejiondoa!" Osoro alisimama. "Kiti cha Nyaramba! Wewe mama, kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia kama nani, shemeji?"

Osoro akatazama wenzake, akaketi tena. Mzee wa sukari alisema labda barua bado haijasomwa, labda mtu anaweza kukimbia, na wakaanza kuulizana nani ana namba ya nani. Eucabeth hakuwasikiliza. Alinyoosha mkono, akachukua kiapo cha mumewe, akaenda nacho dirishani penye mwanga.

Alikisoma chote, taratibu, kama anavyosoma ripoti za kazi. Alitikisa kichwa kukubali kwenye ndoa, akakubali kwenye watoto. Akafika chini. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti, akauegemeza ukurasa ukutani, akakata mstari mmoja, ule wa mwisho. Akamrudishia.

"Hayo mengine ni kweli," alimwambia Ombui kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hili la kuzikwa sijaamua."

Kisha akavaa kofia ya pikipiki, kwa sababu alikuwa na mkutano wa wakulima saa nane.